Samaki Kumi na Mmoja Chumbani kwa Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Gisenyi, Rwanda, kwa ajili ya macho yangu. Wengine hurudi kwa harusi au kwa msiba. Mimi mpwa wangu aliniambia kuna daktari wa macho mzuri pale mjini, na kwamba nikikaa kwake wiki moja nitapumzika. Kwenye chumba cha kusubiri, kati ya viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti, palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wekundu. Wagonjwa wenzangu walitazama televisheni. Mimi, kwa jicho langu moja zima, nilihesabu samaki. Kumi na wanne, na tangi lenyewe halikuzidi urefu wa mkono wangu.

"Binti," nikamwambia msichana wa mapokezi, "hao ni wengi. Wapunguze."

Akacheka kwa adabu, akaniita bibi kwa Kinyarwanda. "Kumbe nyogokuru unajua mambo ya samaki?"

Hapana, rafiki yangu unayenisikiliza, siyajui. Najua jambo moja tu kuhusu samaki, na nililijua nikiwa na miaka tisa, baada ya wiki mbili za hofu ambayo sipendi mtoto yeyote aionje.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Wabelgiji wangalipo, na kwenda Goma kulikuwa kama kwenda uani kwa jirani: unavuka mpaka wa Kongo, unanunua mkate, unarudi ungali wa moto. Tulikaa mtaa wa Waswahili, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa. Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na mlio wa cherehani yake ya kukanyaga ndio uliokuwa saa yetu. Ukianza, tumeshakunywa chai, ukinyamaza, amekwenda kusali. Ndani kulinukia mkaa wa pasi, tangawizi, na vitumbua vya mama. Watoto tulikuwa watano, mimi wa tatu. Na katika chumba cha nyuma, chenye dirisha la kutazama uani, alikaa bibi, mama yake baba.

Bibi ndiye aliyekuwa mtembezi wa nyumba yetu. Kila asubuhi baada ya sala alishuka ziwani na ndoo yake, ingawa wajukuu tulikuwapo wa kumtekea. Alidai maji ya kutekewa hayana ladha. Ikawa hivyo mpaka siku alipoteleza kwenye yale mawe meusi ya ufukweni, mawe ya volkano ambayo yakilowa ni sabuni tupu, akavunjika mguu chini ya goti.

Aliitwa muunga mifupa kutoka Bugeshi, mzee mrefu aliyenuka maziwa na moshi. Alinyoosha mguu huku bibi akiuma kanga, akaufunga kwa vijiti, akaenda zake. Wiki nyingi baadaye akarudi, akafungua, akabonyeza hapa na pale.

"Mufupa imeshika," akasema. "Anza kutembea pole pole."

Bibi hakuanza. Alisema mguu ule si wake tena, umeletwa na mtu mwingine. Alijaribu mara moja, akahisi maumivu, akarudi kitandani na kugeukia ukuta. Sahani yake ikawa inarudi jikoni na nusu ya chakula, kisha na chakula chote. Baba na mama wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, na wewe unajua jinsi mtoto anavyoisikia sauti ya chini kuliko kelele.

Katika siku hizo Mzungu mmoja aliyeshonewa suruali na baba alikuwa anarudi kwao. Alimwachia baba vitu ambavyo havikuingia kwenye masanduku yake: kofia ya jua, mtego wa panya, na sanduku kubwa la kioo lenye fremu ya chuma. Baba aliingia nalo amelikumbatia, akitembea kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

"Hii inaitwa akwariyumu," akatuambia. "Wazungu wanafugia samaki ndani."

Mama akasema lingefaa zaidi kuwekea vitumbua, inzi wasiguse. Lakini baba alikuwa ameshafikiri njia nzima.

"Mama yangu hataki kwenda ziwani," akasema, akichanganya na Kifaransa chake cha wateja. "Bon. Ziwa litakuja kwake."

Kona moja ilivuja, akaiziba kwa lami aliyopewa na watengenezaji wa mitumbwi. Tukaliweka juu ya kreti chini ya dirisha la bibi, tukalijaza maji kwa madebe. Ndipo likazuka swali la samaki wangapi. Kaka yetu mkubwa alitaka kumi. Mama akauliza ni nani atakayewalisha, akasema mmoja anatosha. Baba akatuhesabu kwa kidole, tumepanga mstari mlangoni.

"Watoto iko watano. Donc, samaki tano. Kila mutoto na yake."

Hakuna aliyeuliza kioo kinasemaje. Tulikwenda ufukweni na kipande cha pazia jepesi, tukavua samaki wadogo wanaojificha kati ya mawe, wale wasiozidi kidole. Wangu alikuwa wa kijivu, mwenye doa la buluu shavuni. Tulipowamimina, bibi alikuwa ameelekea ukutani. Tukakaa chini kimya. Baada ya muda tukasikia kitanda kikilia, na bibi akageuka, akainua kichwa.

"Ile ya mukia mufupi," akasema, "iko na kiburi kama baba yenu."

Siku ile alikula. Kuanzia hapo, kila asubuhi jua lilipoingia dirishani na kupita kwenye maji, ukuta wote wa bibi ulicheza mwanga, na yeye alikaa ameegemea mto, akituomba tuwatupie samaki makombo ya ugali. Aliwasema mmoja mmoja, tabia zao, uvivu wao, nani anamfuata nani. Miguu yake bado aliifunika. Lakini alikuwa amerudi kwetu, na cherehani ya baba barazani ilikwenda kwa mwendo mwepesi.

Kisha akaja jirani yetu, muuza mkaa. Alikuwa mwanamke mwema, sitaki umfikirie vibaya. Ila mdomo wake haukujua kupumzika. Alikaa kwenye mkeka, akala kitumbua, akatazama samaki kwa muda mrefu. Bibi alikuwa amesinzia.

"Muichunge sana," akamwambia mama. "Kwetu kulikuwa mama mumoja mugonjwa, wakamuwekea kuku mu chumba. Asubuhi moja kuku ikakufa. Ile ile siku, magaribi, naye akakufa."

Mama akasema, "Ee, mambo ya Mungu," akamwongeza chai. Kwake maneno yale yalikwisha pale pale. Kwangu mimi, niliyekuwa mlangoni nimeshika birika, yalikuwa ndiyo yameanza.

Siku tatu baadaye samaki wa kwanza akafa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha mkaa wa chai alfajiri, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuingia chumbani kuchukua birika la udhu la bibi. Bibi alikuwa akisali amekaa kitandani, kisha akilala tena kidogo. Nikamkuta samaki ameelea ubavu, mweupe tumboni. Nikamtoa haraka, nikamfukia chini ya mgomba, nikachukua kile kipande cha pazia, nikakimbia ziwani peku.

Nikiwa nimesimama majini hadi magotini nilipiga hesabu yangu. Mmoja amekufa. Nikirudisha mmoja, naye anaweza kufa nisipokuwapo. Heri wawe wawili, wa akiba. Basi nikarudi na wawili, na kioo kikawa na sita. Bibi alipoamka akacheka na yule mwenye mkia mfupi kama kawaida. Nikashukuru, nikafikiri nimemwokoa.

Siku ya nne baada ya hapo wakafa wawili. Nikaleta wanne. Ikawa wanane. Kaka akagundua wameongezeka, mama akamwambia labda wamezaa, na jambo likaisha hivyo kwa sababu mama alikuwa na mambo mengi. Akafa mwingine, nikaleta wanne tena. Sasa walikuwa kumi na mmoja, na maji yaliyokuwa yakirusha mwanga ukutani yalianza kuwa kama maji ya kuoshea mchele. Kulikuwa na harufu. Niliongeza makombo nikidhani wana njaa. Chuoni mwalimu wetu wa Kurani alinigonga kichwa taratibu kwa kidole, maana nilikuwa nakwama kwenye aya nilizozijua tangu zamani. Nyumbani sikuweza kumeza. Nilikuwa natazama kifua cha bibi kikipanda na kushuka, na nilitamani kumwambia mtu, lakini niliona nikilitamka ndipo litakuwa kweli.

Asubuhi ya mwisho niliingia nikakuta samaki wote kumi na mmoja juu kabisa, vinywa nje ya maji, vikifunguka na kufumba. Wote. Nikakumbuka mazuku, ile hewa mbaya inayolala mabondeni upande wa Goma na kuua mbuzi wamesimama. Nikaona imeingia chini ya mlango wetu, na bibi amelala karibu na sakafu. Sikukimbilia ziwani. Nilikaa chini pale pale, nikalia kwa sauti.

"Nani anakuliza asubuhi yote hii?" Bibi alikuwa macho. "Njoo hapa."

Nikaenda. Akanivutia kwenye kanga yake. Nikamwambia yote kwa pamoja, bila mpangilio: muuza mkaa, kuku, magaribi, mgomba, pazia, wawili wa akiba, wanne, wanne tena, na kwamba sasa wote wanakufa na kosa ni langu.

Tumbo la bibi likaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Yewe! Na mimi nilizani ni macho yangu inazeeka! Leo nahesabu sita, kesho nane. Nikajisemea, basi, akili imeanza kwenda." Akafuta machozi. Halafu akaacha kucheka, akanitazama usoni. "Nani alikuambia mi nakufa?"

Nilimwonyesha tu miguu yake kwa macho. Ile miguu iliyofunikwa.

Akaelewa. Niliona jinsi alivyoelewa. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekumbuka kitu amekisahau jikoni. Akafunua shuka.

"Nipe mukono."

Alikuwa mzito. Alinibana bega hadi mifupa ikaniuma, akasimama, akayumba, akasema Bismillahi. Kutoka kitandani hadi kwenye kioo zilikuwa hatua saba. Nilizihesabu zote. Kwa hatua ya tatu alitoa sauti ya maumivu, na nikasema arudi, akaniambia ninyamaze. Alipofika alishika kreti kwa mikono miwili, akainamisha uso hadi pua ikagusa kioo.

"Ona," akasema, akihema. "Iko mimi nimesimama."

Mama aliingia na uji. Alituona, akaweka bakuli sakafuni bila kuangalia anapoliweka, akaita jina la baba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Cherehani ilinyamaza. Baba alikuja na futi ya kupimia shingoni, akasimama mlangoni.

"Munanitazama nini?" bibi akawauliza. "Mwiteni muuza samaki. Hii watu ya mu kioo inataka pumuzi."

Muuza samaki alikuwa rafiki wa bibi wa miaka mingi, mwanamke wa kule chini ufukweni, mwenye rozari shingoni na mikono iliyojaa makovu ya mapezi. Mume wake alikuwa mvuvi wa ndoano. Alifika na beseni lake kichwani, akatazama kioo, akapiga makofi mara moja.

"Ye baba we! Nani aliwafunga hawa mu gereza?"

Nikarudi nyuma ya mama. Lakini bibi alimweleza yeye mwenyewe, akiwa ameketi sasa, na hakunitaja. Alisema tu kwamba tumewapenda kupita kiasi.

"Muzee wangu akienda kuvua anabeba chambo nzima mu chungu ya maji," muuza samaki akasema. "Samaki kama hizi hizi. Akizijaza sana, zinakufa mbele hajafika. Maji inakuwa na kitu samaki inavuta. Zikiwa mingi, inaisha."

"Basi tuweke ngapi?" baba akauliza. Aliuliza kwa unyenyekevu, maana zile tano zilikuwa za kwake.

"Mi sijui. Zitasema zenyewe."

Akatuamuru tutoe nusu ya maji na kuleta mengine ya ziwani, na kuanzia siku ile makombo yawe machache, mara moja tu kwa siku. Samaki wakashuka wote chini, na mimi nikapumua nao. Lakini kufika alasiri wakawa juu tena. Akatoa wanne, akawaweka kwenye debe, nalo tukawa tunalibadilishia maji kutwa. Saba. Tukalala. Asubuhi saba walikuwa juu, vinywa nje. Muuza samaki akarudi, akatoa wawili. Watano! Tulishikana mikono, kila mmoja na samaki wake, tukaomba iishie hapo. Siku nzima watano walikaa chini vizuri, baba akapita na kupita mlangoni akitabasamu. Kesho yake jua lilipokuwa kali, wakapanda.

"Pole," muuza samaki akamwambia baba. Akachovya mkono, akatoa wawili wengine.

Watatu walikaa. Siku moja, siku mbili, siku ya tatu, maji yakawa safi tena na ukuta wa bibi ukarudi kucheza mwanga. Tukabishana ni wa nani na nani waliobaki, maana watoto watano na samaki watatu hawagawiki bila vita. Bibi akamaliza ugomvi: samaki wote ni wake, sisi ni wageni wao. Kwa kweli wangu, yule wa doa la buluu, alikuwa ameshafukiwa chini ya mgomba siku nyingi. Sikuwahi kuwaambia.

Wale wanane wa kwenye debe tuliwarudisha ziwani Ijumaa, na bibi alikuja. Alichukua karibu asubuhi nzima kushuka, fimbo mkono mmoja, baba mkono mwingine. Muuza mkaa alitoka kumshangaa, akamwuliza hali.

"Mi muzima," bibi akamjibu. "Na ile kuku yenu, ilikuwa na miaka ngapi?"

Muuza mkaa alimtazama mama, akanitazama mimi, akashika mdomo. Kisha akachukua debe mikononi mwangu, akalibeba yeye hadi majini. Alipolimimina, samaki walisimama kitambo kidogo kwenye maji ya juu, kama hawaamini upana ule, halafu wakapotea kati ya mawe.

Bibi alitembea kwa fimbo miaka sita zaidi. Sisi tukaja kuondoka Gisenyi, tukakaa Ujiji, tukatawanyika. Kati ya watoto watano tumebaki wawili, na dada yangu hakumbuki samaki wowote. Nyumba haipo. Nilipokuwa kwa mpwa wangu nilimwomba anipeleke mtaani, nikakuta ghorofa yenye duka la simu, na njia ya kushuka ziwani imekatizwa na ukuta wa hoteli. Nilisimama pale nikisikiliza watu wakiogelea upande wa pili. Mawe meusi sikuyaona. Wale waliokuwa wakijua ni mlango gani wa kugonga mtoto anapolia, wameondoka wote.

Lakini lipo jambo moja la asubuhi ile ambalo sijakusimulia, na ndilo ninalolikumbuka kuliko samaki. Baada ya hatua zile saba, wakati watu wazima wamejaa chumbani na madebe yanaingia na kutoka, usingizi ulinilemea. Sikuwa nimelala vizuri kwa siku nyingi. Nikapanda kitandani kwa bibi, mahali pake penyewe, palipokuwa bado na joto, nikajifunika kanga yake yenye harufu ya karafuu. Nilisikia maji yakimiminwa, baba akicheka, muuza samaki akigomba, mama akimwambia mtu asimwamshe huyo, mwacheni. Nje kulikuwa kweupe kabisa, na kazi zangu zote zilikuwa hazijafanywa. Nikalala mpaka adhuhuri. Nimelala kwingi tangu wakati ule, hata kwenye vitanda vya fahari, lakini usingizi wa namna ile haujanipata tena.